Meseji ya kliniki ataisoma mama mkwe

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wahudumu wa afya na vijana wanaotengeneza mifumo ya simu. Nimeiandika kama nilivyoiongea, vicheko tu ndo nimevitoa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na nyie vijana wa mifumo mliojazana huko nyuma karibu na soketi, itifaki imezingatiwa, wakubwa wangu shikamooni.

Nimepewa nusu saa na mada ndefu kuliko bango lenyewe, kulinda faragha ya mgonjwa kwenye huduma za afya za simu. Mtu akiisoma anadhani nimekuja kuongelea wadukuzi wa nje na sava zilizovunjwa usiku wa manane, na kweli ntavigusa kidogo, ila kwa sisi tuliopo humu ndani mdukuzi sio tatizo letu la kwanza. Tatizo letu la kwanza ni simu imewekwa kwenye kochi, kioo juu, meseji ya kliniki inaingia, na aliyekaa kwenye kochi sio mwenye simu.

Nyie mnaotengeneza hii mifumo mmejifunza kwenye intaneti, na huko walioandika hayo masomo wanaanza na imani kwamba simu ni ya mtu mmoja, iko mfukoni kwake, ina pasiwedi anayoijua yeye peke yake. Kwetu simu mara nyingi ni ya nyumba. Namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mama ni ya baba, kwa sababu mama anayo kitochi ila chaji haikai. Bibi wa sukari anasomewa meseji zake na mjukuu wa darasa la tano tena kwa sauti, mtoto akisoma ndo hivo anajivunia kusoma. Binti ameazima simu ya rafiki kwa sababu bando lake limekata. Kule ambako umeme haujafika mtu anaiacha simu yake kwa Mangi dukani ichajiwe toka asubuhi mpaka jioni, imelala pale kaunta na zingine kumi, inaita, inalia, meseji zinaingia na kila anayekuja kununua sabuni anaziona. Alafu kuna fundi simu, huyu ndo kabisa, unampa simu ikiwa imekufa kioo na unampa na paterni juu.

Sasa kwenye hiyo simu sisi tunatuma hivi. Habari fulani bin fulani, unakumbushwa kufika CTC tarehe 14 kuchukua dawa, usikose. Jamani. Kuna mtu Tanzania hii asiyejua CTC ni kliniki ya wanaoishi na HIV na wanagawa dawa gani? Umemtaja kwa jina, umetaja kliniki, umetaja dawa, umetaja siku atakayokuwepo pale. Aliyetaka kumfuata amwone kwa macho umempa mpaka tarehe. Na aliyeandika hiyo meseji hakuwa mtu mbaya, alikuwa anataka mgonjwa asikose dozi, na pengine alisifiwa kwenye kikao kwamba mahudhurio yamepanda.

Na usifikiri ni HIV peke yake maana tukisema faragha akili zetu zinakimbilia huko tu. Chukua mwanamke aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango kimya kimya kwa sababu nyumbani anadaiwa mtoto wa sita na yeye mwili umechoka. Wewe unamtumia, mpendwa mteja, sindano yako ya miezi mitatu inaisha wiki hii. Mume ndo anayeshika simu. Hiyo jioni wewe utakuwa umeshatoka zamu, uko kwako unakula, yule mama atakuwa na nani? Chukua kijana wa TB anayefanya kazi hotelini jikoni. Chukua mtu wa kifafa anayeendesha bodaboda. Chukua mwanafunzi aliyepima mimba. Kila mmoja ana mtu wake maalum ambaye hatakiwi kuisoma hiyo meseji, na mtu huyo mara nyingi analala nyumba hiyo hiyo. Ndo maana mi nawaambia ninaowafundisha kwamba kabla hujabonyeza kutuma, fikiria meseji hii ataisoma mama mkwe. Sio labda. Ataisoma. Ukiona bado unaweza kuituma basi tuma.

Mtu ataniuliza sasa tutawakumbushaje watu bila kuwaambia tunawakumbusha nini. Inawezekana na ilishafanyika hapo jirani tu, Kenya, na naomba niieleze taratibu maana kwangu hii ndo habari nzuri kuliko zote nilizonazo leo. Kulikuwa na utafiti uliitwa WelTel, wagonjwa walioanza dawa za kufubaza virusi kwenye kliniki tatu, mbili Nairobi na moja Kajiado, jumla watu 538. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine kila Jumatatu asubuhi muuguzi aliwatumia meseji moja, neno moja, Mambo? Basi. Hakuna jina la kliniki, hakuna dawa, hakuna tarehe. Mgonjwa anatakiwa ajibu ndani ya saa 48, akiwa vizuri anajibu Sawa, akiwa na jambo anajibu Shida, na aliyejibu shida au aliyekaa kimya muuguzi anampigia simu. Waliruhusiwa hata wanaotumia simu moja na wengine, sharti wawe wanaipata karibu kila siku.

Sasa we fikiria mama mkwe kaiokota hiyo simu kasoma Mambo? Atafanya nini nayo, si ataona ni marafiki tu wanasalimiana. Meseji imepita mbele ya macho yake na haijasema kitu.

Na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la The Lancet. Waliokuwa wanatumiwa meseji, asilimia 62 walisema wanakunywa dawa inavyotakiwa, wale wengine asilimia 50. Kwenye damu waliopimwa virusi vikakutwa vimefubaa ni asilimia 57 dhidi ya 48. Kwahiyo yule anayesema tukificha sana mgonjwa hatafuatilia dawa, mwonyesheni hizo namba. Neno moja lisilo na siri ndani yake lilifanya kazi, na lilifanya kazi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na muuguzi anayepokea simu, hilo vijana wa mifumo mlisikie vizuri, sio meseji iliyoponya watu, ni yule mtu aliyepiga baada ya kuona Shida.

Kuna methali napigwa nayo kila nikiongelea mambo haya, mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee mmoja wa kamati ya kituo aliniambia muuguzi we unafundisha watu kuficha maradhi. Hapana mzee wangu. Methali inamwambia mgonjwa asimfiche anayeweza kumtibu, haimwambii anayemtibu akatangaze. Tena ukiangalia vizuri zinaenda pamoja, watu wanaficha maradhi kwa daktari pale wanapojua daktari hafichi. Mtu anapanda gari anaenda kuchukua dawa mkoa mwingine, anatumia nauli ambayo ingenunua chakula, kwa sababu kituo cha jirani yupo karani wa mapokezi ambaye ni shoga yake dada yake. Siku nauli ikikosekana dawa inakatika. Ukiniambia faragha ni mambo ya kizungu, watu wetu shida yao ni kufa na malaria, mi nakuambia kuna watu wameacha dawa kwa sababu ya mdomo wa kituo na hilo kila muuguzi humu ndani analijua.

Twende kwenye namba za simu maana hapa tunajidanganya sana. Nimeona orodha nyingi watu wanasema aah tumeficha majina tumebakiza namba tu. Ndugu zangu, laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, na we mwenyewe unajua ukitaka kumjua mwenye namba unafanyaje, unaingia kwenye menyu ya kutuma pesa unaweka namba unaweka shilingi mia tano, kabla hata hujaweka siri yako jina linatokea kamili, la kwanza mpaka la ukoo, alafu unaghairi. Hujatumia hata senti. Kwahiyo orodha ya namba za wagonjwa ni orodha ya majina ya wagonjwa, ukiibandika ukutani, ukiituma kwenye grupu, ukiiacha kwenye fleshi, umetaja watu.

Na namba zenyewe hazikai kwa mtu. Laini isipotumika muda kampuni inaichukua inaiuza tena, mtu mwingine anainunua pale stendi kwa kijana mwenye mwamvuli, na kesho yake anapata meseji kutoka kituo cha afya inayomwita kwa jina la mtu wa kwanza na inamkumbusha kipimo cha virusi. Mara nyingi mnunuzi yuko mji ule ule, na ukilisikia jina unaweza kumjua. Dawa yake ni ndogo na haihitaji hela, kila mgonjwa akija dirishani muulize, mama namba yako bado ni ile ile, na inashikwa na nani nyumbani, na ukipigiwa tuseme tunatoka wapi. Maswali matatu. Tunauliza umri, tunauliza kata, tunauliza mwenyekiti wa mtaa wako nani, hayo matatu hatuulizi.

Naomba sasa niingie kwenye grupu la WhatsApp na najua hapa ntapoteza marafiki.

Grupu la kituo, grupu la wilaya, grupu la darasa letu la chuo, grupu la madaktari wa kanda. Picha inaingia usiku, wakuu naomba msaada mgonjwa huyu ana siku tatu, na kwenye picha kuna uso, kuna kitanda kina namba, na pembeni faili limefunguliwa unasoma jina bila miwani. Mi sisemi grupu lifungwe. Kuna mwenzetu yuko zahanati peke yake, mvua imekata barabara, mgonjwa anabadilika rangi, na jibu la daktari bingwa kwenye grupu limekuja ndani ya dakika na mtu amepona. Anayesema wote watoke kwenye WhatsApp hajawahi kulala zamu ya usiku peke yake. Ila picha ile haiishi pale, na hapa ndo watu hawajui simu zao zinavyofanya kazi. Ikiingia kwenye grupu la watu 200 inajisevu yenyewe kwenye galari za watu wengi maana hawajazima ile seti ya kupakua picha, alafu wengi wao wamewasha bakapu, picha inapanda mawinguni na akaunti ile ile iko kwenye kishikwambi cha watoto nyumbani. Mtoto anatafuta katuni anakuta kidonda. Na kwenye hao 200 kuna aliyeacha kazi zamani, kuna aliyehamia kuuza dawa za kampuni, kuna mmoja ambaye hakuna anayekumbuka nani alimwingiza.

Kwahiyo ukihitaji msaada piga picha ya kidonda sio ya mtu. Kata uso. Jina usiweke, andika mwanamke wa miaka thelathini na kitu, inatosha kwa daktari kufikiri. Usitaje kijiji kama kijiji kina nyumba arobaini, maana mwanamke wa miaka thelathini mwenye kidonda hicho kwenye kijiji hicho ni mmoja. Tumia ile picha ya kuangaliwa mara moja ingawa nayo sio kinga ya kila kitu, mwenye simu ya pili anaweza kuipiga kwa juu. Ukishajibiwa futa kwenye grupu, na kwenye simu yako futa. Na muulize mgonjwa kwanza, mama naomba nipige picha ya mguu nimuulize daktari wa mkoani, wengi wanakubali na wanafurahi kujua unawahangaikia.

Alafu zile za kucheka nazo, yule mlevi aliyeletwa usiku, yule aliyekwamisha kitu sehemu asiyotaka kusema, sitaki hata kuzijadili. Anayepiga picha ile atafute kazi nyingine.

Wahudumu wa jamii nyie mnaotembea nyumba kwa nyumba na simu za mradi mna mtihani mgumu kuliko sisi wa dirishani. Mkifika kwa mtu mtaa mzima unawaona mmevaa fulana ya mradi, na kama mradi unajulikana ni wa kitu gani basi hata hujafungua simu umeshasema. Dai fulana isiyotaja ugonjwa, hilo liko ndani ya uwezo wa mradi. Simu ya kazi iwe na namba ya siri na isiwe 1234, na watoto wasichezee gemu humo. Mkipiga simu kwa mgonjwa ukiwa ndani ya daladala usiweke laudi, na akipokea mtu mwingine usiseme natokea kliniki ya fulani, sema namtafuta fulani ntapiga baadaye. Akikuuliza we nani wa nini, jina lako linatosha.

Sasa vijana wangu wa mifumo, amkeni, zamu yenu. Nawapenda kwa sababu mmetufanyia kitu, leo mama mjamzito anaweza kupata ushauri akiwa shambani. Toka 2012 tulikuwa na Wazazi Nipendeni, unatuma neno mtoto kwenda 15001 bure unaletewa ushauri kulingana na umri wa mimba, na ilifika mbali sana. Ila mfumo wowote wa namna hiyo una swali ambalo mtengenezaji akiwa kijana wa kiume wa miaka 24 halimjii kichwani. Mimba ikiharibika? Mama amepoteza mtoto, amerudi nyumbani, na kila wiki simu inamwambia mtoto wako sasa ana kucha, mtoto wako sasa anasikia sauti. Na ndugu ambao hawakujua alikuwa na mimba sasa wanajua. Weka njia ya kujitoa, iwe neno moja, isimuulize kwa nini.

La pili, acheni kukusanya vitu. Mnatuletea fomu ya chanjo ya mtoto ndani yake kuna namba ya NIDA ya mama, dini, kabila, kipato, na mahali alipo kwa satelaiti. Nikiuliza ya nini naambiwa inaweza kusaidia mbeleni. Taarifa usiyoichukua haiwezi kuvuja, haiwezi kuibiwa na mtu hawezi kukupeleka mahakamani kwa sababu yake. Finland wana intaneti nzuri na sheria kali kuliko zetu, na kulikuwa na kampuni ya tiba ya akili inaitwa Vastaamo, mdukuzi akaingia akachukua maelezo ya wagonjwa zaidi ya 30,000, yani yale mtu aliyomwambia mtaalamu wake akiwa analia. Mwaka 2020 kampuni ikatakiwa ilipe, haikulipa, Oktoba akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja anataka euro 200 kwa bitcoin, usipolipa naweka maneno yako hadharani. Hela ikiibwa benki inaweza kurudishwa. Yule mgonjwa aliyosema kwenye kile kiti yakishasomwa hayarudi.

Na sio lazima uibiwe, kuna wanaotoa wenyewe. Marekani mwaka 2023 kampuni ya GoodRx inayosaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya tume ya biashara ya serikali, FTC, kuishtaki kwamba taarifa za dawa za watu zilikuwa zinaenda kwa Facebook na Google kwa ajili ya matangazo. Miaka miwili kabla, programu ya kuhesabu hedhi inaitwa Flo nayo ilibanwa na tume hiyo hiyo kwa jambo linalofanana. Mnaweza kusema sisi hatuuzi matangazo. Sawa, ila mnapochukua vipande vya msimbo, yani code, vya bure mnavibandika kwenye programu zenu, mmeviangalia vinatuma nini na wapi? Nani kati yenu amewahi kukaa akaangalia programu yake inaongea na sava gani ikiwa imefungwa? Mkono mmoja, wawili. Haya.

Na ile notifikesheni inayotokea kioo kikiwa kimefungwa, iwe kimya. Majibu yako yako tayari inatosha, mtu afungue mwenyewe kwa siri yake. Pia wekeni rekodi ya nani kafungua faili la nani na saa ngapi, na muwaambie wafanyakazi ipo. Diwani akilazwa, mchungaji akilazwa, utashangaa watu wangapi ghafla wana kazi na faili lake.

Sheria ntaisema haraka kwa sababu kwenye semina nyingine huwa wanaanza nayo na watu wanasinzia. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, hiyo ipo siku nyingi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilishasema majibu ya kipimo ni siri. Kubwa sasa ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Kwenye sheria hiyo habari za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti kwa kawaida zinataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, kuna mazingira machache ya matibabu ambayo yameachiwa nafasi ila kuforwadi kwenye grupu la ukoo hayamo. Ukitoa taarifa za mtu kinyume cha sheria ni faini mpaka milioni 20 au jela mpaka miaka 10, na ikiwa ni kampuni faini inafika bilioni 5. Karani wangu mmoja nilipomsomea hapo aliuliza milioni 20 za Tanzania? Za Tanzania mama.

Na ridhaa yenyewe tuwe wakweli, ile kurasa saba za kiingereza chini kuna kiboksi cha nakubali sio ridhaa, ni usumbufu. Mwambie mtu kwa kiswahili, tutakutumia meseji, itasema hivi, ataiona yeyote mwenye simu, unataka au hutaki, ukikataa utatibiwa vile vile. Hilo la mwisho msilisahau, watu wetu wanaogopa kukataa kwa sababu wanadhani watanyimwa dawa.

Kuna wanaosema sheria kwetu ni za kabatini. Kwa jirani Kenya ilitoka kabatini hata kabla hawajapata sheria yao ya taarifa ya 2019. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na HIV, majina yao, walezi wao, shule zao, kwa nia ya kuwapangia huduma. Nia nzuri kabisa. Shirika la KELIN, la kutetea haki kwenye mambo ya afya, na wenzao wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Jaji Mumbi Ngugi akasema agizo lile limevunja katiba, hasa faragha na maslahi ya mtoto. Mnaona kilichokuwa kinabishaniwa? Hakuna aliyesema watoto wasihesabiwe. Kuhesabu unaweza bila jina, bajeti ya dawa haihitaji kujua mtoto anaitwa nani na anasoma darasa gani. Huo ndo ubishi ambao na sisi tutaupata kila mfadhili akija na jedwali lake lenye safu ya jina kamili, na mara nyingi ukimuuliza safu hii mnaitumia kufanya nini anakuangalia, kwa sababu na yeye alipewa tu na mwingine. Muulizeni. Hamtafukuzwa, na hata mkinuniwa mtanuniwa wiki moja.

Nimeona natolewa ishara muda umeisha na chai imefika nainusa mpaka hapa. Kabla hatujatoka, kwenye kila meza kuna karatasi nyeupe. Kila kituo kiandike meseji moja ambayo kinatuma kwa wagonjwa wake sasa hivi, kama ilivyo, msizipambe. Chini yake muiandike upya, maneno yasizidi kumi, bila jina la ugonjwa, bila jina la kliniki. Wauguzi mkae na vijana wa mifumo meza moja, sio nyie huku na wao kule. Tukirudi ntaomba mtu mmoja kutoka kila meza asome zote mbili kwa sauti, na mama yetu wa kamati aliyekaa pale mbele, yule ambaye ana wakwe wanne kwa hesabu yake mwenyewe, ndo atakuwa hakimu. Akibahatisha mgonjwa anaumwa nini, meza hiyo inaandika tena.